Usimsubiri Nana, Usimfute

Accra, Jumatatu, 3 Novemba 2014

Selorm wangu wa minarani,

Salamu zikupande hadi huko juu uliko, zikukute umefunga mkanda. Mimi mzima, ila tangu asubuhi sijatulia kitini kwa furaha, mpaka Lamiley wa meza ya jirani ameniuliza kama nimekunywa kitu.

Nimepewa mimi! Ile programu mpya ya kulinda mtandao wa simu, ile tuliyoambiwa watakuja wageni kutoka ng'ambo kuipanga, Bwana Quartey kaniletea mezani leo mbele ya watu wote. "Serwaa, ipange wewe. Ikisimama yenyewe, utakwenda popote unapotaka. Isiposimama, utakaa nayo hapa hapa."

Unaijua hali yetu. Siku hizi umeme unakatika kana kwamba una ugomvi nasi. Ukikatika, jenereta inasuasua, kompyuta kubwa inazimika, na ukirudi lazima mtu awepo chumbani azianzishe programu moja moja kwa mkono, hii kwanza na ile baadaye. Ukikosea mpangilio, ramani ya minara inang'aa kijani tupu, kumbe nusu ya minara imelala. Mtu huyo wa kuanzisha ni mimi. Ndiyo maana mwezi wa tano sikwenda Kumasi, na mwezi wa nane sikwenda. Mara mbili watu wako walikuwa waje nyumbani kwetu kubisha hodi na chupa zao za posa, mara mbili nimeahirisha, na mara zote wewe ulinijibu upesi, "Hakuna neno, mpenzi." Sikusahau wema huo.

Sasa Mama kasema la mwisho: Jumamosi ya tarehe 29. Mjomba Agyei, mkuu wa ukoo wetu, kasema watu wakija kubisha hodi na binti hayumo ndani aulizwe kama anawajua, chupa zao zitarudi nao, naye hatakaa tena kwenye kiti kile kwa ajili yangu. Shangazi Pokuaa kaongeza chumvi: "Hebu muulizeni huyo mtoto anaolewa na mtu au na kompyuta!"

Kwa hiyo umeona? Programu ikijifunza kuamka bila mimi, naolewa. Isipojifunza, nitazeeka hapa na Quartey.

Na kazi yenyewe ni tamu, acha nikuonjeshe. Ndani yake kuna Mkuu mmoja na vijana wake, programu ndogo ndogo. Ghala anahifadhi kila kitu. Mwitaji anaita minara mmoja mmoja: "Salaga, upo? Bole, upo?" Mwingine anapokea vilio vya minara yenye shida, mwingine anachora ramani. Kila kijana namchagulia namna yake ya kuanza. Ya kwanza: Mkuu anamwamsha, kisha anasubiri mpaka mwenyewe aseme, "Nimeamka, niko tayari," ndipo anaamshwa anayefuata. Kitabu kinawaita hawa "wenye adabu", sikutunga mimi! Ya pili: Mkuu anamwamsha na kuendelea na wengine bila kungoja neno lake, ila anamtupia jicho kuona yu hai. Ya tatu ni hii yetu ya sasa, ya kuamshwa kwa mkono.

Nimeshachagua: wote wenye adabu. Mimi nimelelewa Kumasi bwana. Mgeni anaingia, anapewa maji, anaulizwa kilichomleta, ndipo mengine yanafuata. Kwenye mashine yangu hakuna atakayenyemelea.

Barua hii inakuja na Alhassan kwenye lori lake la betri za minara, kwa sababu barua pepe za kazini Quartey anazisoma, na simu yako haishiki. Fundi wa mtandao asiye na mtandao! Niandikie nani ataongoza watu wako, Mama anataka kujua apike fufu ya watu wangapi.

Wako anayerukaruka,
Serwaa


Salaga, Alhamisi, 6 Novemba 2014

Serwaa, Mkuu wa Wakuu,

Alhassan kashusha betri, kashusha barua, kisha kasimama pembeni akijifanya anafunga kamba ya kiatu ili anione nikisoma. Na anavaa ndala. Nilicheka mpaka mlinzi wa mnara akatoka kibandani.

Hongera! Nilisema zamani kwamba watakupa, ukaniita mwongo. Wageni wa ng'ambo wangeiweza wapi? Wangekaa hotelini wakilalamika joto. Nimewatangazia watu wote wa hapa kwamba mchumba wangu ndiye anayeijua minara yote ya nchi hii kwa majina. Mama muuza tuo zaafi, ule ugali wa huku, kaniongezea mboga bure kwa heshima yako.

Upepo mkavu umeanza kushuka kutoka kaskazini, midomo imepasuka, na juu ya mnara vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Lakini kazi inakwenda. Juzi nilipata ule ujumbe wenu wa simu, kwamba betri ya Bole inachoka. Nikaenda mbio, nikaikuta kweli inakata roho, nikabadilisha kabla mnara haujazimika. Huwa unakuja hivyo kila mara, maneno mawili matatu, bila salamu. Yeyote anayeutuma hapo chumbani kwenu, mpe shukrani zangu, na umwambie siku nyingine asalimie.

Kuhusu wenye adabu, umechagua vizuri. Sisi wa Ho pia tunabisha hodi, msidhani ni nyinyi tu.

Mambo ya watu wangu yanaendelea. Usijali hata kidogo.

Wako wa juu,
Selorm


Accra, Jumatatu, 10 Novemba 2014

Mpenzi Selorm,

"Usijali hata kidogo"! Nilikuuliza nani anakuja, ukanijibu kama mwanasiasa. Mama kanipigia mara ngapi sijui. Nimemwambia, "Wapo wengi, Mama, pika tu."

Lakini sina nafasi ya kununa, nina habari. Kwanza, vijana wangu wanapendeza! Ghala anasema "tayari", Mwitaji anasema "tayari", kila mmoja kwa zamu yake. Lamiley ananiambia nawaangalia kama mama aliyepeleka watoto darasa la kwanza.

Pili, nimemkuta mtu asiyejulikana ndani ya mashine. Si mtu, ni programu, ila imo humo miaka na miaka na haina mwenyewe. Imeandikwa jina moja tu: Nana. Nimeuliza chumba kizima. Wanasema iliandikwa na fundi mmoja aliyehamia Kanada, akaondoka bila kuacha hata maelezo ya mstari mmoja. Inafanya nini? Hakuna anayejua. Haionekani kwenye ramani, haisemi chochote, imekaa tu kama bibi mzaa mama yako kwenye kona ya jiko. Quartey kasema tusiiondoe kabla ya jaribio. Ilikuwa inaamka yenyewe na kompyuta; sasa nimemwingiza naye kwenye orodha na kumpa adabu kama wenzake. Nana au si Nana, utasema "tayari" kama kila mtu!

Kuhusu ujumbe wako wa betri, sisi hatutumi ujumbe wowote. Labda ni watu waliotuuzia betri.

Jumatatu ijayo ndilo jaribio. Tutakata umeme kwa makusudi, wakubwa wote wakitazama. Kitambaa changu kimechaguliwa, rangi ya maziwa yenye maua ya samawati. Mama kasema nisinenepe wala nisikonde mpaka tarehe 29.

Nijibu safari hii. Nani anakuja?

Serwaa, mwenye adabu zake


Salaga, Alhamisi, 13 Novemba 2014

Serwaa mpenzi,

Natamani ningekuwepo hapo Jumatatu nikuone ukimkatia Quartey umeme. Mpige picha ya uso.

Watu wangu: Shangazi Dzigbodi anakuja kutoka Ho, ameshashona nguo. Alhassan naye nimemwomba awe msemaji wetu, kwa kuwa mdomo wake hauna breki, naye kafurahi kupita kiasi, anafanya mazoezi ya hotuba akiwa barabarani. Baba anaumwa mgongo, tutaona.

Nakimbia, betri za Yeji zimefika.

Selorm


Accra, Jumatatu, 17 Novemba 2014

Selorm,

Imeanguka! Na imeanguka mbele ya kila mtu!

Tulikata umeme. Kompyuta ikazimika. Tukaurudisha. Mkuu kaamka, kamwamsha Ghala, Ghala kasema "tayari". Mwitaji kasema "tayari". Wakubwa wanatikisa vichwa, mimi nimesimama pale nimevimba kama maandazi. Zamu ya Nana ikafika. Kimya. Mkuu anasubiri. Kimya. Walio nyuma yake, mpokea vilio na mchora ramani, nao wamekwama kwenye foleni, kwa sababu mimi nilisema wote wana adabu na hakuna anayepita kabla mwenzake hajatamka. Ramani nyeupe ukutani kama shuka. Tukasubiri hadi mkubwa mmoja akaanza kusoma ujumbe kwenye simu yake.

"Serwaa," Quartey kasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniua, "hebu zianzishe kwa mkono."

Nimeelewa baadaye. Nana hakuumbwa kusema. Aliyemwandika hakumpa mdomo. Hata umsubiri mpaka Krismasi, hatasema "tayari", na si kwamba hayuko tayari. Lamiley anasema dawa ni moja, tumfute, kwani kuna aliyemwona akifanya kazi? Wengine wakiwa hawana wa kumsubiri, wataamka vizuri. Ijumaa namfuta, na Jumatatu tunajaribu tena.

Sasa wewe. Alhassan leo kaja kupakia betri, kaniuliza kama siku ya kubisha hodi avae joho la kwao la mistari au suti. Nikamwambia joho. Kasema, "Sawa, dada, maana kwa vile baba mtu hataki kuja, lazima mmoja wetu aonekane mkubwa." Kisha kajiziba mdomo kwa mikono miwili, na betri ikamwangukia mguuni.

Hataki kuja? Mgongo ndio umekuwa hivyo? Nilidhani tatizo letu ni mimi na kompyuta yangu. Mwaka mzima naomba radhi kwa Mama, naomba radhi kwako! Kama umebadili moyo, sema. Kama kuna jambo, sema. Sitaki unibembeleze, nataka uniambie yaliyopo. Binti akiulizwa siku ile, "Unawajua watu hawa?" mimi nitajibu nini?

Serwaa


Salaga, Alhamisi, 20 Novemba 2014

Serwaa,

Usimfute Nana! Nadhani ulinisikia nilipopayuka kwenye simu leo juu ya mnara kabla haijakatika, maana wapita njia wote wa Salaga walinisikia. Acha nieleze kwa kalamu.

Jumatatu hiyo ya jaribio lenu, Bimbilla ilizimika. Betri zilikwisha nikiwa sina habari, soko zima likashinda bila simu, na mimi nikatukanwa kwa lugha ninazozijua na nisizozijua. Nikajiuliza, mbona safari hii ule ujumbe wa betri haukuja? Ndipo nikakumbuka barua yako. Nikautafuta ujumbe wa Bole kwenye simu, nikauangalia vizuri. Mwishoni kuna herufi moja, N. Siku zote nilidhani ni ya jina la mtu. Serwaa, ni Nana! Mlipozima na kuanzisha kwa mkono, hakuna aliyekumbuka kumwanzisha yeye. Huyo bibi asiyesema ndiye anayenitangulia kwenye kila mnara. Nimemdai salamu bure.

Na sasa la pili, ambalo nimelizunguka kwa barua nzima nzima.

Sijabadili moyo. Moyo wangu uko hapo Accra, unauona kila Jumatatu ukipakia betri. Ni Baba. Unajua alikuwa askari wa forodha Aflao, hakuna kilichopita mpakani bila yeye kukipekua. Mwezi wa nne nilimwambia nakuoa. Kauliza, "Wa wapi?" Nikasema Kumasi. Kasema, "Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Niende nibishe mlango wa watu, niwapelekee chupa na wajukuu wangu juu yake?" Tangu siku hiyo hajasema ndiyo wala hapana. Nikimuuliza, anainuka kwenda kumwagilia bamia zake. Nikirudia, anapiga viatu rangi.

Nilikuwa nikimsubiri aseme neno. Mwezi wa tano nilisubiri, mwezi wa nane nikasubiri. Ulipopiga simu kuahirisha, nilimshukuru Mungu, nikasema "hakuna neno" nawe ukanisifu kwa wema. Neno lilikuwepo. Niliona aibu. Mtu mzima anayepanda minara, halafu nikuambie baba yangu hataki kunisindikiza?

Na nikwambie kweli yote, kabla ya barua yako nilitaka kukuomba tuahirishe mara ya tatu. Hajasema. Nitawaletaje watu bila baba?

Nikasirikie, ila unijibu.

Selorm


Accra, Jumatatu, 24 Novemba 2014

Selorm, Selorm, Selorm,

Nimekasirika, nimelia, nimekula kenkey mbili na samaki wa kukaanga na pilipili ya shito ya Lamiley yote, nikapoa. Lamiley ndiye aliyebaki na hasira, anadai kopo lake.

Sasa sikiliza! Inasimama! Imesimama!

Sikumfuta. Nilipokusikia ukipiga kelele nilikuwa nimeshamwekea alama ya kufutwa. Nikakaa naye Ijumaa mchana, mimi na kile kitabu, nikamwambia, "Nana, samahani, nilikutaka uwe kama watoto." Nikampa ile namna ya pili. Nimemweka mwisho wa safu. Mkuu anamwamsha, hamsubiri aseme, wala hamkatii tamaa kwa kuwa hasemi. Anamtazama tu kama yu hai. Wenye mdomo wasubiriwe, asiye na mdomo aachiwe nafasi yake afanye kazi. Jambo dogo hivi, neno moja nilibadilisha kwenye mstari mmoja, na nusura nimzike mtu mzima!

Leo tumekata umeme tena mbele ya wakubwa. Tayari, tayari, tayari, tayari, ramani ikajaa rangi kama kitenge. Quartey akasahau cheo chake, akacheza azonto katikati ya chumba. Nikaangalia, na Nana yumo, yu hai, kimya chake ni kile kile. Nimempangia Mkuu kazi moja ya ziada: wote wakishaamka, anitumie ujumbe kwenye simu, neno moja tu, "Wameamka."

Quartey kanipa ruhusa ya Ijumaa hadi Jumapili. Kwa masharti, bila shaka: "Umeme ukikatika Jumamosi na isiamke, unapanda basi la kwanza kurudi, hata kama uko katikati ya fufu." Kwenye jaribio tulikata wenyewe, bwana. Umeme ukikatika wenyewe ndipo tutajua kama napata mume.

Ama kuhusu hilo la tatu ulilotaka kuniomba: hapana! Hakuna kuahirisha. Nimejifunza kitu wiki hii na nakupa bure. Umemsubiri baba yako aseme "tayari", na sisi wote tumekwama nyuma yake kwenye foleni, Mama, Mjomba, chupa, kitambaa cha maua ya samawati. Labda yeye si wa kusema. Basi usimsubiri. Na usimfute pia, nakuomba, usiwaambie watu wangu kwamba baba yako kakataa, kwa sababu hajakataa. Tuma waliopo. Mwambie Shangazi Dzigbodi, wakishakaa, aache kiti kimoja upande wenu, asikubali mtu akikalie. Na Baba mwambie tu kwamba kiti kipo. Usimuulize kitu. Mwambie na uondoke kabla hajashika ndoo ya bamia.

Na siku ukipata nafasi mwambie hivi: kwetu mtoto ni wa mama, kwenu ni wa baba. Wajukuu wake watakuwa na koo mbili kamili. Ni mtoto gani amewahi kulalamika kwamba ndugu zake wamezidi?

Wako asiyecheka na mtu,
Serwaa


Salaga, Alhamisi, 27 Novemba 2014

Serwaa,

Nimefanya kama ulivyosema. Nilimpigia Baba kutoka juu ya mnara, ndipo simu inaposhika. Nikasema, "Baba, Jumamosi watu wetu watakuwa Kumasi, na kiti chako kipo." Nikakata.

Shangazi Dzigbodi anasema Baba aliweka simu mezani akaenda kumwagilia bamia. Sina la kuongeza.

Desturi inataka bwana harusi asionekane siku hiyo, kwa hiyo nitakuwa hapa. Nitapanda juu tangu asubuhi na chakula changu nitapanda nacho. Alhassan kanisomea hotuba yake. Ni ndefu. Mungu awasaidie.

Niombee, nami nakuombea umeme.

Selorm


Kumasi, Jumapili, 30 Novemba 2014

Mume wangu mtarajiwa,

Najua jana kwenye simu tulipiga kelele tu, ukasikia "zimepokelewa!" na vigelegele vya Mama, kisha ikakatika. Kaa chini. Yaani kaa vizuri huko juu. Nakuhadithia yote.

Watu wako walifika asubuhi, joho la Alhassan likaingia kwanza na Alhassan mwenyewe akafuata. Kwa vile yeye pombe haigusi, zile chupa mbili za mvinyo mkali kazifunga kwa gazeti, akazibeba kwa mikono miwili mbali na kifua, kama anavyobeba betri inayovuja. Shangazi Pokuaa akanong'ona, "Huyu analeta posa au bomu?" Mama akamkanyaga mguu.

Wakapewa maji. Mjomba Agyei akauliza kilichowaleta. Alhassan akasimama. "Sisi," akasema, "tulikuwa tunapita zetu. Nchi nzima giza, umeme umekatika. Tukaona katika nyumba hii taa moja inawaka. Tukashangaa, taa gani hii isiyozimika wenzake wakizimika? Mimi ni mtu wa betri, taa nazijua. Tumekuja kuomba mtuonyeshe." Wazee wakaangua kicheko. Akaendelea na kuendelea, mpaka Shangazi Dzigbodi akamvuta joho, akakaa.

Nikaitwa. Nikaingia na kitambaa changu, sikuwa nimenenepa wala kukonda. Shangazi Pokuaa akauliza, "Serwaa, watu hawa unawajua?" Nikasema nawajua. "Chupa hizi tuzipokee?" Zipokeeni. Akauliza mara ya pili, nikajibu tena. Alipofungua mdomo kwa mara ya tatu, Mjomba Agyei akainua mkono.

"Ngoja kwanza. Kile kiti ni cha nani?"

Kilikuwa pale, upande wenu, kitupu. Binamu yangu alitaka kukikalia, Shangazi Dzigbodi akamtazama, binamu akaenda kusimama ukutani.

"Kina mwenyewe," Shangazi Dzigbodi akajibu.

"Mwenyewe yuko wapi?"

Alhassan akainama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Na hapo hapo simu ikatikisika mkononi mwangu. Ni Lamiley: "Umeme umekatika Accra. Jenereta nayo imegoma. Kompyuta imezimika." Selorm, nilisimama mbele ya ukoo mzima nimeikumbatia simu. Nikawa nasubiri vitu viwili, neno kwenye simu na mtu kwenye kiti, na chochote kisipokuja kati ya hivyo viwili, sina siku nyingine.

"Nauliza baba wa kijana yuko wapi," Mjomba akasema. "Nyumba hii haipokei chupa za yatima ambaye si yatima."

Nikamjibu mimi, na binti siku ile hajibu ila anachoulizwa. "Mjomba, hatumsubiri. Na hatujamwondoa. Kiti ni chake. Niulize swali langu."

Mama akashika kichwa. Mjomba akanitazama, sikujua atanipiga au atacheka. Kisha akamwashiria Shangazi Pokuaa, naye akauliza mara ya tatu, taratibu, "Serwaa. Tuzipokee?"

"Zipokeeni."

Wakati bado wanapiga makofi, mlango ukasukumwa. Hodi hakuna. Akaingia mzee mrefu, shati lake limepigwa pasi mpaka lina makali, viatu vinang'aa ungeweza kujitazama, na mkononi ana mfuko wa plastiki. Sikuhitaji kuambiwa. Masikio yale, Selorm! Umeyachukua yote mawili! Akapita katikati ya watu, hakumwangalia yeyote, akafika kwenye kile kiti, akakaa, mfuko akauweka mapajani.

Watu wakiwa bado wanageuza shingo, simu yangu ikalia. Neno moja. "Wameamka."

Nikalia, tena kwa sauti. Mama akauliza, "Nani huyo anakutumia ujumbe sasa hivi?" Nikasema, "Wanangu, Mama. Wameamka wenyewe." Shangazi Pokuaa akageuka kwa watu wako, "Mlisikia? Mmeonywa mapema, ana watoto tayari!" Hapo ndipo vigelegele ulivyovisikia.

Baadaye Lamiley kanipigia. Umeme ulirudi, hakuna aliyegusa kitu, ramani imejaa, na Nana yuko mwisho wa safu anafanya kazi yake. Quartey kasema nikae mpaka Jumatatu jioni.

Mzee kala fufu na mchuzi mwepesi, kamaliza, kanawa. Hakusema neno. Mjomba Agyei akashindwa kuvumilia. "Ndugu yangu," akamwambia, "siku yenyewe ni ya kubisha hodi, umetoka Ho mpaka Kumasi, na wewe ndiye pekee uliyeingia bila hodi. Kwa nini?"

Baba yako akainuka. Kisha akanikabidhi mimi ule mfuko. Bamia, mbichi, nyingine bado zina maji.

"Niliambiwa kuna kiti changu," akasema.

Shuka mnarani, uje. Za kwako nimekuwekea.

Serwaa